Kula kwa Niaba ya Madam

Picha yangu iliyopendwa zaidi kwetu Voi ni ile niliyopigwa mbele ya jokofu la madam, nimevaa jalabia ya kijani, mashavu yamejaa, shingo imeanza kujikunja. Mdogo wangu wa kike aliipeleka kanisani ndani ya simu yake, akawaonyesha akina mama wa kwaya mmoja mmoja, kisha akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada, Saudi imekukubali. Watu wanauliza huko unakula nini." Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akicheka, akisema sasa nafanana na mtu anayeishi kwenye nyumba yenye chakula.

Niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimeketi kitandani, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashine ya kufulia kabla sijaja, na nikakasirika mpaka machozi yakanitoka. Sikumkasirikia mama wala mdogo wangu. Nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa zuri na jibu lake nilikuwa nalo, ila lilikuwa jibu la kumtia mtu aibu. Nilikuwa nakula chakula cha mtu mwingine. Sisemi makombo yake. Nilikuwa namlia, kwa niaba yake, kama mtu anavyotumwa benki.

Nilifika Riyadh kufanya kazi za nyumbani nikiwa na mwili wa kawaida, ule ambao kwetu mashangazi wakiuona wanauliza kama kuna shida nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofani, mtaa wa Malaz, jengo la zamani lenye ngazi za marumaru ambazo nilizipiga deki kila asubuhi. Walioishi humo walikuwa wawili tu, madam na mume wake niliyemwita baba. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Baba ndiye alikuwa kafili wangu, mwenye karatasi zangu zote, na alikuwa mtu mpole wa maneno machache, wa kusoma gazeti kwenye simu na kuuliza chai iko wapi.

Madam alikuwa mnene sana, na nasema hivyo bila kumcheka, kwa sababu mimi ndiye niliyemwosha miguu. Mikono yake haikuifikia. Alipanda ngazi kwa vituo, akishika ukuta na kujifanya anatazama kitu fulani kwenye simu ili mtu asijue anatafuta pumzi. Alilala ameegemea mito kama mgonjwa wa kifua. Ndugu zake wakija walimwambia mbele ya watu ajizuie, kisha kabla hata chai haijapoa walimkatia keki. Nilikuwa nawatazama nikitamani kuwatupia hiyo keki.

Mtu ukimwosha vidole vya miguu kila siku, hata awe bosi wako, mnafika mahali mnaongea. Tuliongea Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha kubahatisha. Aliniambia alipokuwa msichana alikuwa anaruka kamba. Nikamwambia mama yangu pia ni mzito, ana sukari, na ana kidonda mguuni ambacho kimekataa kufunga. Akaniambia nioshe katikati ya vidole vizuri.

Miezi michache baada ya mimi kuja, akakatwa tumbo. Huko ni jambo la kawaida, wanalizungumzia kama sisi tunavyozungumzia kung'oa jino. Daktari anaondoa sehemu kubwa ya tumbo, panabaki kifuko chembamba kisichobeba kitu, na mtu anaanza upya kama mtoto mchanga: maji, kisha supu, kisha uji, kisha vitu vilivyopondwa. Madam alirudi kutoka hospitali akinywa supu kwa finjani, kijiko kidogo kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango imebadilishwa. Uzito ulianza kumtoka karibu mara moja. Baba alifurahi, akamnunulia saa. Ndugu zake wakasema mashallah. Mimi nilianza kuzikaza nguo zake kwenye mishono, na nilimfurahia kweli.

Kisha mchana mmoja akaniita mezani. Baba alikuwa kazini. Juu ya meza kulikuwa na sahani ya kabsa niliyopika mwenyewe, wali wa viungo na kuku juu yake, na mbele ya madam kulikuwa na bakuli la maziwa ya mgando.

"Keti," akasema.

Sikuwa nimewahi kukalia viti vile isipokuwa nikivipangusa. Nikakaa kwenye ncha.

"Kula."

"Madam, mimi nitakula jikoni."

"Yalla, kula. Nataka kukuona."

Nikala. Alinitazama mdomoni, sio machoni. Nilipouma ngozi ya kuku akasogea mbele kidogo.

"Imekauka vizuri?"

"Ndiyo, madam. Inavunjika."

"Na wali? Iliki imeingia?"

"Imeingia. Na kuna ile chumvi ya chini ya sufuria."

Akafumba macho. Nilipomaliza akaniongeza kwa mkono wake mwenyewe, akachagua paja, akaniwekea na zabibu zilizokuwa pembeni. Nilipoinuka kutoka pale nilikuwa na furaha, wacha niseme ukweli. Tangu nishuke kwenye ndege hakuna mtu aliyekuwa ameniwekea chakula kwenye sahani. Niliosha vyombo nikiimba.

Ikawa kazi. Mchana alipochoka na maziwa yake aliniita, na baadaye hata jioni, baba akichelewa. Aliagiza vitu vya kuja kuliwa na mimi. Sambusa za jibini. Kunafa, kitamutamu cha jibini inayovutika, chenye sharubati juu. Nyama ya mwanakondoo iliyopikwa mpaka mfupa unatoka wenyewe. Mimi nakula, yeye anauliza, mimi naeleza, na nikawa hodari wa kueleza. Nilijifunza maneno ya Kiarabu ya kitu laini, kitu kinachotafunika kwa sauti, kitu kilichokolea samli. Wasichana wenzangu walijifunza Kiarabu kwa kutukanwa, mimi nilijifunza kwa kutafuna.

Na hao wenzangu ndio walionifunga mdomo. Tulikuwa na kundi la simu, wanawake tuliosafirishwa na wakala mmoja, tumetawanyika nyumba mbalimbali. Mmoja jokofu la kwao lilikuwa na kufuli. Mwingine alikuwa anakula mkate na chai, mchana na jioni, na mkate wenyewe wa jana. Ningewaandikia nini? Kwamba nalishwa sana? Wangenitukana, na ningestahili. Kwa hiyo nilisoma shida zao, nikawaandikia pole, nikazima simu na kwenda kuitwa mezani.

Mwili hauniambii mapema ninaponenepa. Labda wa wengine unawaambia. Huko nilivaa jalabia ndani na abaya nje, nguo zisizo na kiuno wala kifungo. Suruali inakusema, jalabia inakuficha. Iliyoniambia ni mashine ya kufulia. Kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ambapo nilikuwa najipenyeza kuchukua fagio la maji, na asubuhi moja sikupenya. Nikavuta pumzi, nikajaribu kwa ubavu, nikakwama na kona ya mashine ikanichoma chini ya mbavu. Nikadhani mashine imesogea. Nikaisukuma. Haikuwa imesogea.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Magoti yaliuma nikisugua sakafu. Niliamka mdomo umekauka, na dereva wetu aliyekuwa analala chumba cha chini alinitania kwamba nikikoroma yeye anaota lori. Dereva huyu alikuwa Mkenya kama mimi, mtu wa Kisii aliyewahi kucheza mpira, na sasa tumbo lake liligusa usukani. Kazi yake ilikuwa kungoja. "Hii kazi ni ya kukaa, sista," aliniambia. "Unakaa mpaka unakuwa kiti." Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilirudi ndani nikiwa na hofu. Nilikuwa nimemwona mama akianza hivihivi, na magoti, na mdomo mkavu, na maji ya kunywa yasiyokata kiu.

Kwa hiyo nikakataa. Sikukataa kwa ushujaa, nilisema tu kwamba nimeshiba. Madam aliniangalia kwa muda. Kisha akaivuta sahani yangu kwake, akachukua kijiko changu, akala. Alikula haraka, wali na nyama, akimeza bila kutafuna kama mtu anayefukuzwa, nami nimesimama pale nikisema madam, tafadhali, madam. Hakupata vijiko vingi. Kile kifuko kilichobaki ndani yake kilijaa, akainuka ameshika kifua, na mchana kutwa nilikaa naye bafuni nikimshikilia paji la uso. Alikuwa anatapika na kulia kwa pamoja. Nilimhurumia sana, na nilikuwa na hasira naye, na mkono wangu mmoja uliokuwa mgongoni mwake sikujua ulikuwa unambembeleza au unamsukuma.

Jioni baba akaja jikoni. Hakuwahi kuja jikoni. Akasimama mlangoni kwa heshima, kama anaingia chumba cha watu.

"Daktari alisema akila hivyo anaweza kupasuka ndani," akasema.

"Nilimwambia nimeshiba, baba."

"Najua. Lakini nimeona. Wewe ukila, yeye hali." Akatazama chini. "Basi wewe kula. Mafi mushkila, hakuna shida. Chakula kipo."

Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Aliniaga vizuri, hata akaniuliza mama anaendeleaje. Nikabaki nimeshika kitambaa cha vyombo, nikifikiria kwamba nimepewa tumbo la mtu nilitunze na hakuna aliyeniuliza la kwangu litatunzwa na nani.

Madam alikuwa na miadi kwa mtaalamu wa lishe, mama wa makamo mwenye miwani aliyezungumza Kiingereza polepole, na mimi niliingia naye kumbebea mkoba. Pale ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu akizungumza juu ya unene bila kufoka. Alisema mwili wa mtu mnene sio mvivu, ni mlinzi. Umeuzoea uzito wake na unaupigania. Ukiunyima chakula kwa ghafla unadhani kuna njaa imeingia nchini, unabana matumizi na kukuzidishia hamu, na ndiyo maana watu wanapunguza na kurudi palepale. Alisema kuna damu ya ukoo ndani yake, kuna usingizi mbaya, kuna mawazo, kuna dawa, kuna kazi ya mtu na nyumba anayoishi. Alisema ni ugonjwa wa kutunzwa kwa muda mrefu, kama presha, na kwamba hajaona mtu aliyepungua kwa kujitukana.

Nilimfikiria mama. Kwenye kliniki ya kwetu kuna muuguzi aliyekuwa anamwambia mbele ya foleni, "Mama, funga mdomo." Mama alicheka na foleni ikacheka, akarudi nyumbani asile siku nzima, halafu jioni akala ugali wa watu wawili akiwa ametugeuzia mgongo. Nasi tulimlaumu. Mimi mwenyewe nilimlaumu, kwa sauti, nikiwa mwembamba.

Mtaalamu alipomaliza na madam akanitazama mimi. Labda aliona shingo yangu, ule weusi unaojitokeza kwenye mikunjo kama uchafu usiotoka. Akaniuliza kwetu kuna mwenye sukari. Nikamwambia mama. Akanidunga kidole, akangoja, akaitazama ile mashine ndogo.

"Hujaingia," akasema. "Lakini uko mlangoni. Bado unaweza kurudi nyuma. Wengi wanarudi. Ukipunguza uzito kidogo tu, sio mwingi, mwili unapata nafuu."

Akanipa ushauri kama aliompa madam. Sahani ndogo. Mboga na nyama kwanza, wali mwisho, na usiwe mlima. Kuacha soda na sharubati. Kutembea baada ya kula, hata kidogo. Kulala vya kutosha. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nikitaka kucheka. Kutembea wapi? Sikuruhusiwa kutoka peke yangu. Kulala saa ngapi?

"Huwa unakula nini kwa siku?" akaniuliza.

Madam akajibu kabla yangu. "Huyu anapenda sana kula, mashallah." Akanipigapiga goti, akacheka kidogo, na yule mtaalamu akatabasamu. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu na Kiingereza nilikuwa nacho. Nikatabasamu pia. Nilimchukia madam pale kwenye kiti, nikambebea mkoba wake mpaka kwenye gari.

Nilichofanya ni kutembea darini. Juu ya jengo palikuwa na matangi ya maji na kamba za nguo, na nikianika nguo nilizunguka matangi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa haraka, mikono ikipiga ubavuni. Jua la Riyadh lilinikaanga, upepo wake haukuwa na msaada wowote, lakini nilipenda. Ilikuwa sehemu pekee ambapo miguu yangu ilikwenda bila kutumwa. Niliporudi chini nilihisi tumbo limelegea na kichwa kimekuwa chepesi. Nilianza kuwa mwongo wa nguo, nikafua shuka safi ili nipate za kuanika.

Baba akanizuia. Jirani alikuwa amemwambia kwamba mfanyakazi wake anazungukazunguka darini kama mtu aliyechanganyikiwa, na pale juu wanaume wa jengo la pili wanaona. "Anika, kisha ushuke," akasema. Hakukasirika. Sijui kwa nini upole wake uliniumiza zaidi ya makelele ambayo wenzangu walipigiwa. Anayekupigia kelele unaweza kumpigia kelele moyoni. Huyu hakuniachia hata hilo. Nikaanika, nikashuka, nikaitwa mezani.

Joto la Riyadh lilipozidi, tulihamia Jeddah kwa muda, kwenye nyumba yao ndogo isiyo mbali na bahari. Hewa ilikuwa nzito na yenye chumvi, jasho halikukauka, na kati ya mapaja ngozi ilinichubuka mpaka nikawa natembea miguu imeachana. Nilipaka samli. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nikiinama kufunga viatu naona nyota. Madam yeye alikuwa amepungua mpaka pete zinamtoka. Alikuwa anapanda ngazi bila kusimama. Kwenye matembezi ya jioni kando ya bahari alitangulia na baba, nami nikafuata nyuma na chupa ya chai, nikihema, nikiomba wasigeuke wakaniona nahema.

Siku moja dereva alinipeleka Sharafiya kutuma pesa. Mtaa ule umejaa maduka ya simu, vioski vya kutuma pesa na mikahawa ya bei rahisi, na unasikia kila lugha. Nilikuwa nimesimama kivulini nikimngoja alete gari wakati mdogo wangu aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikajua kuna jambo.

"Ni mama?"

"Yuko hospitali, dada. Kile kidonda. Wamesema kimeingia mfupani."

"Wanasemaje?"

"Watakata. Chini ya goti." Nikamsikia akipuliza pua. "Lakini hana woga. Amenifanya niwaonyeshe manesi picha yako. Anawaambia, mwoneni wangu, yuko Saudi, mwoneni alivyo."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka. Mwenye duka akaniletea maji bila kuniuliza. Niliomba baba aniruhusu kwenda nyumbani na baba akasema mkataba haujaisha, akaahidi kufikiria, na kila nilipouliza alikuwa bado anafikiria. Siku waliyomkata mama mguu, mimi nilikuwa Jeddah nakula samaki wa kukaanga na kueleza miiba yake.

Mezani pale, na mfupa wa samaki mkononi, nikamwambia madam. Sikupanga maneno. Nilimwambia mama yangu amekatwa mguu leo. Nilimwambia ana ugonjwa ule ambao daktari wake alisema niko mlangoni kwake. Nilimwambia sitakula tena hapa mezani, sio kesho, sio siku yoyote, na kama yeye atakula na apasuke, nitalia sana, lakini sitakula. Kiarabu kilinipotea katikati nikamalizia kwa Kiswahili, na nadhani alielewa Kiswahili hicho kuliko yote niliyowahi kumwambia.

Madam alivuta abaya yake mabegani ingawa kulikuwa na joto. Hakunivutia sahani.

"Halas, basi," akasema. "Kula jikoni."

Nilidhani ningeruka kwa furaha. Nilichosikia kwanza ni uchungu, kama nimefukuzwa. Lakini siku zilizofuata nilikuwa mtu huru, au nilijiona hivyo. Nilijichemshia mayai. Nilijipakulia maharage na matango kwenye kisahani cha chai. Nilikataa soda kwenye gari na dereva akanishangaa. Nilimpigia mama, akaniambia mguu usiokuwepo unamwasha, tukacheka. Nilimwambia napunguza mwili. Akaniambia nisirudi nimekonda, watu watasema nini. Nilimwambia wataona miguu yangu miwili. Hakulipenda neno hilo, na mimi pia baadaye sikulipenda.

Madam hakunisemesha sana. Alikula vijiko vyake na kuinuka. Hakutapika. Baba alinitazama kwa wasiwasi siku za mwanzo, kisha akarudi kwenye simu yake.

Halafu ikaja Ijumaa ya wageni. Ndugu za madam walikuja, na kulipikwa sinia la mwanakondoo juu ya wali, na wageni walikula upande mmoja tu kama kawaida yao, upande mwingine ukabaki haujaguswa. Walipoondoka nyumba ikalala, ule usingizi wa baada ya chakula ambapo hata mtaani hapiti mtu. Nilibeba sinia jikoni niligawe kwenye vyombo vya jokofu. Nilikuwa nimeshakula mayai yangu. Nilikuwa nimeshiba, nimekunywa na maji.

Nilionja kipande kimoja ili nijue kama chumvi ilikuwa sawa. Sijui chumvi ilikuwa na umuhimu gani wakati wageni wameshaondoka. Nikala kingine. Nikatoa mafuta ya pembeni na kidole, yale yaliyoganda na wali, nikala. Nilikuwa nimesimama, sikujiwekea hata sahani, na mkono ulikwenda na kurudi, ulikwenda na kurudi, na kinywani mwangu nilijisikia nikisema yale maneno ya Kiarabu, laini, kinavunjika, kimekolea. Hakuna aliyekuwa ameniita. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilijua mama yuko Voi na mguu mmoja, nilijua vizuri kabisa, na mkono haukusimama. Hapo ndipo niliogopa kwa kweli. Kabla ya siku ile nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mlango ulifunguka na madam akaingia kuchukua maji, peku, nywele zimevurugika kwa kulala. Akaniona. Nilikuwa na mafuta mpaka kwenye vifundo vya mikono. Nikangoja acheke. Angekuwa na haki ya kucheka. Au anivutie kiti.

Akatazama sinia, akatazama mkono wangu.

"Una njaa?" akaniuliza.

Niliifikiria, kwa sababu aliniuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Hapana, madam. Sina."

"Hata mimi sina," akasema.

Akasogea mpaka kwenye meza ya jikoni, upande wa pili. Kifuniko cha sinia kilikuwa pale pembeni, karibu na mkono wake na karibu na wangu. Alikuwa anaitazama ile nyama kwa macho ninayoyajua, na bila shaka mimi nilikuwa nayo hayohayo. Nyumba yote ilikuwa imelala. Tulisimama pale, sinia katikati yetu, kila mmoja akimngoja mwenzake afunike.